Jino la Chuma na Makorongo ya Kondoa



Nimeombwa kusema machache juu ya afya. Mimi si daktari; nilikuwa bwana shamba. Basi nitasema juu ya jino langu moja, ambalo nimelipoteza mara mbili.

Mara ya kwanza lilioza, likang'olewa. Miaka mingi baadaye nikawekewa la kupandikiza: skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa wa taya, na juu yake jino la bandia. Njia hiyo ilianzishwa na Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyegundua mwaka 1952 kwamba mfupa hushikamana na titani. Mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa meno hayo mwaka 1965, akafariki mwaka 2006 angali anayatumia. Nami nikadhani langu litanizika.

Daktari alinionya: "Mzee, chuma hakiozi, lakini kinachokishika kinaweza kuondoka. Piga mswaki mpaka penye ufizi, acha sigara, na uje tukutazame." Nilicheka moyoni. Jino lisilooza linapigiwa mswaki wa nini? Ufizi ukaanza kutoa damu. Sikuumwa, nikanyamaza. Siku jino lilipotikisika, picha ya eksirei ilionyesha mfupa umelika kuizunguka skrubu. Skrubu yenyewe ikatoka nzima, bila doa.

Ndipo nikaikumbuka Kondoa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Nikiwa kijana huko, niliwaambia wakulima kila siku: majani yakiisha udongo huchukuliwa na maji, na hata nguzo ya chuma itaanguka. Niliwafundisha wengine, nikajisahau mwenyewe.

Ufizi ndio majani, mfupa ndio udongo. Ukoga ukiachwa, vijidudu vyake huuvimbisha ufizi, kisha mfupa hurudi nyuma. Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi. La kupandikiza halina nyuzi hizo, hivyo ugonjwa hushuka upesi zaidi. Mvuta sigara, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, wamo hatarini zaidi. Mwaka wa kwanza mfupa hupungua kidogo, pengine milimita moja, kisha hutulia. Ukiendelea kupungua, kuna ugonjwa.

Wazee wenzangu mliopandikizwa meno, msingoje maumivu, nendeni mkatazamwe. Vijana, ninyi mna meno yenu wenyewe, na hakuna la kununua linaloyapita. Pigeni mswaki kabla ya kulala. Mkiona damu inarudia kwenye mswaki, msinyamaze kama mimi.

Kondoa majani yalirudi mifugo ilipoondolewa. Udongo uliokwenda na maji haukurudi.