Kisu Kidogo cha Mfukoni: Kwa Nini Kinakuwa Butu, na Namna ya Kukinoa

Mazungumzo haya yalifanywa mbele ya vikundi vya nasari ya miti katika Makueni. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Najua wengine wenu mmejiuliza: mtu atoke mbali hivyo kuja kutufundisha kunoa kisu? Kunoa si kila mtu anajua? Ngojeni kidogo.

Msimu wa kwanza nilipojifunza kupandikiza miembe, nilifanya miche 60. Nilifuata yote niliyofundishwa. Nilichagua miche ya mbegu yenye unene wa penseli, nikakata vijiti kutoka mwembe mzuri wa aina ya Apple, nikafunga kwa nailoni, nikaweka kivulini. Baada ya wiki chache nikahesabu iliyoshika: 11. Ile mingine kijiti cha juu kilikuwa cheusi na kikavu. Nikalaumu mbegu. Nikalaumu jua. Hata nikamgombeza kijana aliyekuwa akimwagilia maji, na hakuwa na kosa lolote. Mzee mmoja mpandikizaji alikuja kuona. Hakuuliza habari ya mbegu wala maji. Aliomba kisu changu, akakigusisha ukucha wake, akanirudishia, akasema, "Kijana, hiki ni kijiko."

Sasa, kisu butu kinauaje mche? Mnajua chini ya gome kuna utando mwembamba wa kijani, ule unaoteleza ukikwangua kwa ukucha. Utando wa kijiti cha juu lazima ukutane na utando wa mche wa chini, bila nafasi katikati. Kisu kikali hukata kwa mvuto mmoja, sentimita 3 au 4, na mahali palipokatwa panakuwa sawa kama ubao uliopigwa randa. Kisu butu hakikati. Kinasukuma na kuponda. Unarudia mara ya pili, ya tatu, na mkato unakuwa na mabonde. Ukiunganisha, hewa inakaa kwenye yale mabonde, utando unakauka kabla haujashikana. Nailoni yako hata uikaze namna gani haiwezi kuponya hapo.

Na kwa mkono wako pia kisu butu ndicho hatari. Unatumia nguvu nyingi, kinateleza ghafla, kinaishia kwenye kidole gumba. Nani hapa ana alama hiyo? Naona mikono mingi.

Basi, makali ni nini? Ni pale pande mbili za kisu zinapokutana na kuwa mstari mmoja. Mstari huo ukiwa mzuri ni mwembamba kuliko unywele, tena kwa mbali sana. Na chuma kikiwa chembamba hivyo hupinda kwa urahisi, ingawa jicho halioni. Mara nyingi kisu "kilichokufa" hakijafa. Makali yake yamelala upande tu. Hicho ukikipitisha kwenye ngozi kinaamka, bila hata kuguswa na jiwe.

Kinacholaza makali ni kukatia juu ya kitu kigumu. Mtu anakata ndimu juu ya sahani ya udongo, au kamba juu ya jiwe, au anasimamisha kijiti kwenye sakafu ya simiti. Katia juu ya ubao, hata kipande cha kasha la nyanya kinatosha. Tena kuna kulika pole pole, na mwizi mkubwa hapa ni mchanga, maana mchanga ni mgumu kuliko chuma cha kisu. Kijiti kilichoanguka chini kina mchanga kwenye gome. Kipanguse kwanza. Hata majani ya napier yana ndani yake chembe ngumu za aina ya mchanga, ndiyo sababu yanakukata ngozi. Kwa hivyo kisu cha kupandikiza kisikatie ng'ombe chakula. Akina mama, nanyi mtanisamehe, kisiende jikoni.

Halafu kuna kuliwa na maji ya matunda. Utomvu wa embe, ndimu, ndizi mbichi, vyote hula chuma. Kisu chako kikibaki na utomvu usiku mzima, asubuhi unaona madoa meusi. Yale makali, kwa sababu ni membamba kuliko sehemu nyingine, ndiyo huliwa kwanza. Ile dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe, ambayo wengine hutumia kuua magonjwa kwenye kisu, nayo hula chuma vibaya. Tumia spiriti, na kama ni lazima utumie hiyo dawa, osha kwa maji na ukaushe pale pale.

Nilipoambiwa nina kijiko nilikimbia sokoni. Fundi mmoja mwenye gurudumu la kunolea alikishika kisu changu, cheche zikaruka, nikafurahi sana. Kilirudi kiking'aa, lakini kwenye ncha kulikuwa na rangi ya buluu. Sikujua maana yake. Rangi ile huja chuma kikipata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na kisu cha chuma cha kawaida kikifika hapo kinapoteza ule ugumu aliokitia aliyekitengeneza. Kilikata vizuri siku mbili tu, na tangu hapo ile ncha haikushika makali tena. Gurudumu ni zuri kwa jembe na panga. Kisu kidogo ni chembamba, hakina mahali pa kupeleka joto. Kama huna njia nyingine, mwombe fundi aguse kidogo, achovye majini, aguse tena.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jiwe la dukani lenye pande mbili, moja ya kukwaruza na moja laini, kikundi kizima kinaweza kutumia moja. Liloweshe majini mpaka mapovu yaishe, uliweke juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze. Asiye na jiwe anunue msasa mweusi wa maji, ule mafundi wa magari hutumia kabla ya kupaka rangi, namba 400 na namba 1000, aulaze juu ya ubao ulionyooka au kioo. Lakini kwenye msasa vuta kisu kinyume, mgongo ukitangulia, la sivyo utakata karatasi. Hata kikombe cha udongo kina jiwe. Kipindue uone ile duara ya chini isiyo na rangi inayong'aa. Hiyo inanoa. Ngazi ya simiti tuiachie panga.

Jambo la kwanza ni mlalo. Chukua karatasi, kunja pembe yake katikati, kunja tena katikati. Pembe iliyobaki ni nyuzi 22 na nusu, na huo ndio mlalo wa kisu cha mfukoni, uwe hapo au chini kidogo. Au tuseme hivi: kisu chenye upana wa sentimita 2, mgongo uinuke kutoka kwenye jiwe kwa unene wa penseli au pungufu kidogo. Usibadilishe mlalo katikati ya kazi. Wengi wetu tunayumba kama tunabembeleza mtoto, na makali yanakuwa ya mviringo.

Sukuma kisu mbele, makali yakitangulia, kama unayetaka kuchonga ngozi nyembamba ya lile jiwe, kuanzia karibu na mpini mpaka ncha. Usikandamize. Rudia upande huo huo mmoja. Watu huuliza, mara ngapi? Sijui, na mtu akikuambia mara 20 hajui pia. Utaacha wakati kisu chenyewe kitakapokuambia. Chuma kikisagwa mpaka kwenye mstari wa makali, kunatokea kijikunjo chembamba sana kinachoegemea upande wa pili. Weka kidole gumba kwenye mgongo, kitelezeshe kuelekea makali mpaka kitoke nje. Usikipitishe kwa urefu wa makali, utajikata! Utasikia kitu kinakwaruza kama ukingo wa mabati. Hicho ndicho tunachotafuta, na kiwe kwa urefu wote. Ukikisikia katikati na hukisikii kwenye ncha, basi ncha bado.

Nawaambia kweli, hapa ndipo kazi yote iko. Mtu anasugua dakika tano, anageuza upande, anasugua, anachoka, na kijikunjo hakijatokea hata mara moja. Halafu anasema kisu hiki ni cha bei rahisi. Kumbe alikuwa hajafika kwenye makali, alikuwa akisafisha mashavu tu.

Kikitokea, geuza, noa upande wa pili mpaka kihamie kule ulikotoka. Kisha upande laini wa jiwe, mara moja huku mara moja kule, kwa mkono mwepesi kabisa. Malizia kwenye mshipi wa ngozi wa zamani, ukivuta kinyume, mgongo mbele, mara kumi au ishirini kila upande.

Angalieni jambo moja. Visu vingi vya kupandikiza vimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa. Hicho usikinoe pande mbili! Noa ule wenye mlalo, halafu lile bapa lilaze lote juu ya jiwe laini, uvute mara mbili tatu kuondoa kijikunjo. Basi.

Kujua kama kimekubali, elekeza makali juani. Makali butu yanaonyesha mstari mweupe, makali mazuri hayaonyeshi kitu. Au kata gazeti lililoshikwa hewani. Likiraruka, rudi kwenye jiwe.

Kwenye kiungo cha kukunjia tia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hukauka, yakanata, kisu kikakataa kufunguka.

Haya, jiwe liko hapa mezani, maji kwenye beseni, mshipi ni wangu lakini leo ni wetu sote. Leteni visu. Tuanze na wale wanaopandikiza kesho. Mama wa kitambaa chekundu, nimekiona hicho chako tangu asubuhi, kuja nacho.