Kompyuta Inapojiita Yenyewe

Ukiandika jina la tovuti, kompyuta yako kwa kawaida haikimbilii intaneti moja kwa moja kuuliza anwani yake. Kwanza huchungulia faili dogo liitwalo hosts. Kwenye Linux limo katika folda ya etc. Kwenye Windows limechimbiwa ndani ya System32, kisha drivers, kisha etc. Ukilifungua utaona mistari ya namba na majina, mathalani 127.0.0.1, halafu localhost.

Namba hiyo ni ya kompyuta kujiita yenyewe. Ujumbe unaotumwa huko hautoki nje, hata ukichomoa waya wa mtandao. Tena haiko peke yake: anwani zote zinazoanza na 127, zaidi ya milioni 16, zimetengwa kwa kazi hiyo. Ukarimu wa kupindukia huo, maana IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti, imetenga moja tu.

Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, huitumia nafasi hiyo vizuri: mashine isiyo na anwani ya kudumu, jina lake huandikwa katika faili la hosts baada ya 127.0.1.1. Nawe unayejenga tovuti ya duka, andika humo 127.0.0.1 duka.test, hifadhi kwa ruhusa ya msimamizi, kisha ijaribu kwenye kivinjari. Majina ya .test yametengwa kwa majaribio tangu 1999, hayatagongana na tovuti ya mtu.

Walaghai nao wanalijua faili hili, na huweza kulitumia kukupeleka kwenye tovuti bandia. Ukikuta humo jina la benki yako na hukuliandika wewe, usiingize nywila, mwite fundi.