Wasia, Mirathi na Bili ya Wakili

Mazungumzo yaliyotolewa na mjumbe wa kamati ya ustawi kwenye kikao cha familia cha jumuiya yetu, kuelekea sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Yamechapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.

   

Kamati imenipa dakika ishirini nizungumzie jambo ambalo watu hawapendi kulisikia karibu na sikukuu. Jumuiya yetu inajua kushika msiba. Mtu akifariki asubuhi, jioni daftari la michango limeshafunguliwa, mwili unasafirishwa, ubani unatolewa, vyakula vinapikwa zamu kwa zamu. Ikipita arobaini, kila mtu anarudi kazini. Mjane anabaki na bahasha za benki, za halmashauri na za kampuni ya umeme, zote zimeandikwa jina la marehemu. Kwa jambo hilo hatuna daftari la michango. Hapo ndipo anapokwenda kwa wakili peke yake, akiwa amechoka, na kutia saini karatasi ya kwanza anayopewa.

Mimi si wakili. Nimekuwa karani wa mirathi katika ofisi za mawakili kwa miaka mingi, kwa hiyo bili ninazozisema nimezichapa kwa mkono wangu. Ninachoeleza ni sheria ya England na Wales. Walioko Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Usipoandika wasia

Mtu akifa bila wasia, sheria ya hapa ina mgawanyo wake tayari. Kama ameacha mume au mke pamoja na watoto, mwenzi huchukua vyombo na vitu vya marehemu, na pauni 322,000 za mwanzo. Kinachozidi hapo hugawanywa nusu kwa nusu: nusu ya mwenzi, nusu ya watoto. Wengi wanasema, basi mbona inatosha?

Haitoshi, kwa sababu ya maana ya neno "mwenzi". Waliokaa pamoja miaka ishirini bila ndoa inayotambuliwa kisheria hawarithiani chochote kwa mgawanyo huo. Ndoa iliyofungwa nyumbani Tanzania kwa sheria za kule, ikapata cheti, kwa kawaida inatambuliwa hapa. Lakini nikahi iliyosomwa sebuleni hapa Uingereza, bila kusajiliwa serikalini, inaweza isitambuliwe kabisa. Akina mama, kaangalieni vyeti vyenu.

Halafu kuna watoto wetu wa kulea. Sisi tunalea mtoto wa marehemu dada, anakuita mama, hajui mama mwingine. Kama hukumuasili kwa amri ya mahakama, mgawanyo huo haumjui. Mtoto wa mwenzako uliyemkuta kwenye ndoa naye ni hivyo hivyo. Ukiwataka wapate kitu, waandike.

Kwa Waislamu, sheria ya England haifuati mafungu ya mirathi yanayosomwa msikitini. Anayetaka mali yake igawiwe kwa mafungu hayo ni lazima aandike wasia unaosema hivyo, tena uliotimiza masharti ya hapa.

Wasia kwa gharama ndogo

Sheria ya wasia ya mwaka 1837 bado inatumika, na masharti yake ni machache. Uwe na miaka 18 na akili timamu. Wasia uwe wa maandishi. Utie saini mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja kwa wakati mmoja, nao watie saini mbele yako. Hakuna sharti la mhuri wala la wakili.

Kwa hiyo mwenye mambo mepesi, yaani mke mmoja au mume mmoja, watoto wao, nyumba moja na akiba kidogo, anaweza kuandika mwenyewe. Ila ajue makosa yanayofanya wasia wa bure uje kuwa ghali. Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu, wala mume au mke wa anayepewa. Wasia utabaki halali, lakini atakosa alichoandikiwa. Na ukioa au kuolewa baada ya kuandika wasia, wasia ule unafutika, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Talaka haiufuti wote, ila inamtoa mtalaka kwenye urithi.

Mwenye wake wawili, watoto wa ndoa mbalimbali, biashara, au mtoto mwenye ulemavu anayehitaji mtu wa kumtunzia fedha, asijaribu mwenyewe. Hapo pesa ya wakili si hasara. Lakini kuna njia za kuipunguza. Mwezi wa Novemba kuna mpango wa Will Aid: mawakili wanaoshiriki huandika wasia wa kawaida bila kutoza ada yao, nawe unaombwa utoe mchango kwa mashirika ya hisani. Mwezi Machi na Oktoba kuna Free Wills Month, kwa wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Na nyinyi mnaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee, ulizeni vyama vyenu vya wafanyakazi. Baadhi huwaandikia wanachama wasia bila malipo.

Angalieni nani anaandika. Kazi ya kuandika wasia hapa haihitaji leseni, na mtu yeyote anaweza kufungua ofisi. Mwenye kukugongea mlango akiuza wasia wa bei poa, muulize anasimamiwa na nani na ana bima gani.

Msimamizi wa mirathi awe mtu wa nyumbani mnayemwamini. Mrithi anaruhusiwa kuwa msimamizi. Wanaochanganya hilo wanalichanganya na habari ya shahidi. Ukiiandika benki au ofisi ya mawakili kuwa msimamizi, umeshawapa kazi kabla watoto wako hawajapata nafasi ya kuuliza bei.

Kuhusu mali ya nyumbani: hati inayotolewa hapa haihamishi kiwanja cha Kigamboni. Kule taratibu za kule zitafuatwa, na Zanzibar mirathi ya Waislamu hupitia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Wengine wanaandika wasia mbili, wa hapa na wa kule, na ni jambo zuri. Hatari ni sentensi moja iliyomo karibu katika kila wasia: "Nafuta wasia zangu zote za nyuma." Ukiitia saini ile ya Dar es Salaam bila kuisoma, umeufuta wa Reading. Kila wasia useme wazi kuwa unahusu mali ya nchi gani.

Probeti

Probeti ni hati ya mahakama inayompa msimamizi mamlaka ya kukusanya mali ya marehemu. Kwanza ulizeni kama mnaihitaji. Akaunti ya benki ya pamoja humwendea aliyebaki. Nyumba yenye majina mawili inategemea hati yake: kama mnaimiliki kwa pamoja bila mafungu, humwendea aliyebaki moja kwa moja, kama kila mmoja ana fungu lake, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Kila benki nayo ina kiwango chake ambacho chini yake hutoa fedha bila probeti. Piga simu uulize kabla ya kumlipa mtu. Tena, benki nyingi hulipa gharama za mazishi kutoka kwenye akaunti ya marehemu zikipelekewa ankara.

Ikihitajika, msimamizi anaweza kuiomba mwenyewe, kwa intaneti au kwa fomu ya karatasi. Ada ya serikali ni pauni 300, na mirathi isiyozidi pauni 5,000 haina ada. Wakili akiomba, ada hiyo iko palepale, na yake inaongezwa juu. Wasia halisi upelekwe kama ulivyo. Msitoe pini ili mpige kopi, maana msajili akiona matundu atauliza kama kuna karatasi iliyotolewa.

Kodi ya mirathi ndiyo inayowatisha watu. Mali isiyozidi pauni 325,000 haitozwi. Kama nyumba aliyoishi marehemu inakwenda kwa watoto au wajukuu, kuna nyongeza ya hadi pauni 175,000. Anachoachiwa mume au mke kwa kawaida hakitozwi, ingawa mwenzi anayeishi Tanzania anaweza kuwekewa kikomo. Kodi ikiwepo, inatakiwa ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo. Mali za kule Tanzania nazo huenda zikahesabiwa. Kukiwa na kodi ya kulipa, biashara au ugomvi, muoneni wakili.

Namna ya kumuajiri wakili

Kuna bei za aina tatu: ya saa, ya jumla iliyokubaliwa, na ya asilimia ya mali. Hii ya tatu hesabuni kwa kalamu. Tuseme marehemu ameacha nyumba ya pauni 400,000 na karibu hana kitu kingine. Asilimia 4 ni pauni 16,000. Ongeza VAT ya asilimia 20, pauni 3,200. Jumla ni pauni 19,200, kwa nyumba moja, mrithi mmoja, hakuna kodi, hakuna ugomvi. Fedha hiyo ingemsomesha mtoto.

Tangu Desemba 2018, ofisi za mawakili zinatakiwa kutangaza kwenye tovuti zao bei za mirathi isiyo na ugomvi. Someni tatu, mlinganishe. Kisha ulizeni: VAT imo? Ada ya probeti imo? Nani hasa atafanya kazi, wakili mwenyewe au msaidizi? Kitu gani hakimo kwenye bei hii? Mtupe kwa maandishi.

Si lazima mumpe kazi nzima. Mnaweza kumwambia atusaidie kupata probeti tu, kukusanya na kugawa tutafanya wenyewe. Nendeni na orodha kamili: akaunti, madeni, pensheni, bima, vyeti. Saa anazotumia kutafuta karatasi zako unazilipia wewe.

Anayetoza kwa saa huhesabu kwa vipande vya dakika 6. Kama saa ni pauni 250, kila kipande ni pauni 25, na VAT ni 30. Shangazi akipiga simu, baba mdogo akituma barua pepe, binamu wa Dubai akauliza "imefikia wapi", zimekwenda pauni 90 na hakuna kilichosogea. Chagueni mmoja wa kuzungumza na wakili. Wengine wamuulize yeye, kwa WhatsApp, bure.

Bili ikija kubwa kuliko mlivyoambiwa, msinyamaze kwa heshima. Andikeni malalamiko kwa ofisi yenyewe. Baada ya wiki nane bila suluhisho, pelekeni kwa Legal Ombudsman, na huduma yake ni bure kwenu.

Gharama iliyo kubwa kuliko zote

Nimeona mirathi ya nyumba moja ikiliwa na barua za mawakili wawili, kila ndugu na wake, mpaka nyumba ikauzwa. Hakukuwa na mwizi pale. Baba alimwambia mkubwa hivi, akamwambia mdogo vile, hakuandika popote, na kila mtoto alikuwa anasema kweli. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Wazee wangu, naomba kwa adabu: semeni mkiwa hai. Waiteni watoto, mkae, waambieni nyumba ni ya nani, kiwanja cha nani, na kwa nini. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanaona vibaya kuuliza, wanaogopa tutadhani wanatutakia kifo. Na sisi tunaogopa kusema. Tukinyamaza wote, atakayesema ni wakili, na yeye anasema kwa dakika 6.

Kabla mwaka haujaisha, fanyeni matatu. Tafuteni hati ya nyumba mjue mnamiliki vipi. Andikeni orodha ya mali na madeni, ya hapa na ya nyumbani. Na mwambieni mtu mmoja wasia ulipo. Vijana mnaojua kompyuta, wasaidieni wazee kuandika orodha hiyo. Kazi ya jioni moja.

Nawatakia sikukuu njema ya Uhuru.