Hotuba Juu ya Fedha Zisizo na Mdai
Iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi wa Halmashauri tumeona inafaa tuseme mbele yenu juu ya jambo moja ambalo wanachama wametuletea mwaka huu mara nyingi kuliko mambo mengine yote. Jambo lenyewe ni fedha walizoziacha marehemu, au walizozisahau wenyewe wangali hai, ambazo sasa zimo katika ulinzi wa Serikali zikingoja mtu wa kuzidai. Wajane wametujia na vitabu vya akiba vilivyotafunwa na mchwa. Vijana wametujia na cheti cha hisa cha baba, wasijue kama kina thamani au ni karatasi ya kuwashia moto. Wengi wao wamekata tamaa kabla hawajaanza, kwa kuwa wameambiwa na majirani kwamba kilichoingia Serikalini hakitoki.

Dhana hiyo haikuzuka bure, wala hatuwalaumu walio nayo. Wazee wanakumbuka waliyosimuliwa na baba zao juu ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Vijana wa Meru na wa Embu walitwaliwa pamoja na wenzao wa nchi nzima kuwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza, hasa katika kamata kubwa ya mwaka 1917. Walichukua mizigo ya askari kichwani hadi Tanganyika ya leo, nao wakafa kwa maelfu, wengi zaidi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor, na Dar es Salaam katika Kariakoo, na watu wengi wapitao huko sokoni hawajui wanatamka jina la nani.

Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa ilikuwa haijalipwa. Fedha zilikuwapo, lakini wenyewe hawakuweza kupatikana. Majina yaliandikwa na makarani wasioijua lugha ya mwandikwa; mtu alitajwa kwa jina la utani, au la kijiji chake, au la mzee aliyempeleka; na daftari nyingine zilipotea. Likatolewa shauri kwamba fedha zile zisizo na mdai zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika kwa jumla, lakini Serikali ya Uingereza haikukubali, na jamaa za wale wapagazi hawakupata hata shule moja kutoka katika jasho lile. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja na zaidi ilipita kabla neno hilo halijasemwa.

Tumeyataja hayo kwa sababu mambo ya leo yana sheria nyingine, nasi twataka wazee wayatenge na yale ya zamani. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, Nambari 40 ya 2011, na kwa sheria hiyo ikaundwa Mamlaka inayojulikana kwa herufi UFAA, yenye afisi yake kuu Nairobi. Kabla ya hapo, hesabu ya benki ikilala bila kuguswa ilibaki benki, na hakuna mtu wa nje aliyewauliza wenye benki ilikuwa ya nani. Sasa wanalazimika kuulizwa. Benki, kampuni za bima, kampuni zenye hisa, kampuni za simu, vyama vya akiba na waajiri, wote hutakiwa wamtafute mwenye mali kwa anwani ya mwisho waliyo nayo. Wakimkosa, hutakiwa wapeleke habari zake na mali yake kwa Mamlaka. Hesabu ya benki huhesabiwa kuwa imeachwa ikipita miaka 5 bila mwenyewe kuigusa wala kuandika neno juu yake. Hisa na gawio lake miaka 3. Mshahara usiochukuliwa mwaka 1 tu.

Na hapa ndipo neno lililo kubwa kuliko yote: mali hiyo haiwi ya Serikali. Huwekwa katika mfuko wa amana, na mwenyewe au warithi wake huweza kuidai wakati wowote, hata ipite miaka ishirini. Hakuna siku ya mwisho.

Mtu atauliza, fedha hizi zimetoka wapi, na sisi ni wakulima wa kahawa, majani ya chai na miraa? Zimetoka huko huko. Mzee aliyeuza kahawa alifunguliwa hesabu ya benki ili alipwe humo. Chama chake kikagawanyika, malipo yakahamia benki nyingine, na ile ya kwanza ikabaki na shilingi zake. Wakulima wa chai wana hisa katika kampuni za viwanda vyao, nazo hisa huzaa gawio. Walimu na makarani waliweka akiba katika Benki ya Posta, ambayo huduma yake ilianza nchini mwaka 1910. Tena kuna zile hisa za kampuni kubwa zilizouzwa kwa umma: za KenGen mwaka 2006 na za Safaricom mwaka 2008, ambazo ziliuzwa kwa shilingi 5 kila moja. Mnakumbuka siku zile. Watu waliuza ng'ombe, walimu walikopa, mabenki yalijaa milolongo hadi barabarani. Wengi walipata hisa chache kuliko walizoomba. Gawio lilipokuja kwa hundi ya shilingi kidogo, mtu aliona haya kwenda mjini kwa ajili yake, nauli ikiwa kubwa kuliko hundi. Basi hundi zikalala, na miaka ikapita.

Sababu nyingine ni sanduku la posta. Zamani, mtu wa Siakago au wa Nkubu hakuwa na sanduku lake. Alitumia la shule, la misheni au la duka la sokoni. Mwalimu mkuu alihama, duka likafungwa, na simu za mkononi zilipokuja ada ya sanduku ikaacha kulipwa. Barua ya kampuni ikarudishwa ilikotoka. Kampuni ikaandika kwamba mwenye mali hapatikani, kumbe yuko nyumbani kwake akikama ng'ombe.

Kutafuta si kazi ngumu. Mwenye simu ya mkononi, hata ile ndogo, huandika *361# na kufuata maagizo. Mwenye intaneti hutafuta katika tovuti ya Mamlaka kwa jina au kwa nambari ya kitambulisho. Akiona jina lake, hujaza fomu ya madai, huambatanisha kitambulisho na hesabu ya benki ambamo fedha zitatiwa, pamoja na karatasi zozote za kuonyesha kwamba mali ni yake. Mamlaka haitozi ada kwa kazi hii. Basi mtu akikupigia simu na kusema jina lako limeonekana, mtumie shilingi elfu mbili ili akufungulie, huyo ni mwizi, hata akiwa na sauti ya adabu na akijua jina la marehemu baba yako. Habari za misiba siku hizi hutangazwa kila mahali, na matapeli nao husoma.

Sasa tufike kwenye majina, maana hapo ndipo tulipoona madai mengi ya watu wetu yakikwama, kama yale ya wapagazi yalivyokwama. Mzee wa Meru akiitwa M'Rintari, karani mmoja aliandika hivyo, wa pili akaiacha ile M na alama yake, wa tatu akaandika Murintari. Hapo kuna watu watatu mbele ya benki, na mzee ni mmoja. Aliyebatizwa Chogoria akapewa jina la Kikristo alilitumia katika bima, lakini katika kitambulisho halimo. Mama aliyefungua hesabu akiwa msichana kwa jina la baba yake ameolewa na kubadili kitambulisho. Hayo yote yana dawa, nayo ni hati ya kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo, ikieleza kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Lakini ni nyepesi kumwapisha mzee aliye hai kuliko kumtafutia shahidi akishazikwa. Twawaomba wazee wasingoje.

Akishakufa mwenye mali, njia ni ndefu zaidi. Sheria ya Urithi, ambayo ilianza kutumika mwaka 1981, hairuhusu mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini, hata akiwa mtoto wa kwanza. Jamaa huanza kwa cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Kisha huomba mahakamani hati ya usimamizi wa mirathi, kama ni Meru, Chuka au Embu. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita. Kwa mali ndogo twashauri jamaa waulize kwanza katika afisi ya Mdhamini wa Umma, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, kabla ya kumlipa wakili. Tuseme kweli: ziko fedha ambazo gharama ya kuzifuata yazipita zenyewe. Jamaa ambao wamo mahakamani tayari kwa ajili ya shamba la marehemu wataje na fedha zake humo humo, badala ya kurudi mara ya pili.

Juu ya ile barua ya chifu tuna neno kwa wazee, nalo huenda lisiwapendeze wote. Barua hiyo hutegemea yale mnayomweleza chifu ninyi. Ikiwa marehemu alikuwa na nyumba mbili, na wazee wakataja moja, hati itakayopatikana kwa njia hiyo yaweza kufutwa hata miaka kumi baadaye, na fedha zilizogawanywa zikadaiwa tena. Binti aliyeolewa ni mtoto wa marehemu mbele ya sheria sawasawa na kaka yake. Mila zetu zilisema vingine, nasi twazijua. Lakini mahakama haitapima kwa mila, na mzee anayemwacha binti nje ya barua anawajengea wanawe wa kiume kesi. Ikiwa binti hataki sehemu yake, aseme mwenyewe kwa maandishi.

Lakini katika mambo yote tuliyoletewa mwaka huu, lililotuhuzunisha zaidi si sheria wala gharama. Ni kwamba mara nyingi mume peke yake ndiye aliyejua. Mke ameishi naye miaka arobaini, amechuma chai ile ile iliyonunua hisa zile, naye hakujua zipo mpaka karatasi ilipoonekana chini ya godoro wiki ya mazishi. Wengine hawakuona karatasi yoyote. Twafahamu kwamba wanaume wa vizazi vyetu walifundishwa kutosema juu ya fedha zao, na wapo wasemao kwamba mke akijua ataomba. Na aombe. Akiomba, mzee angali hai wa kumjibu. Mwenye bima aliyemwandika mama yake kuwa mpokeaji kabla hajaoa, na mama amekwisha kufariki, aende kubadili jina hilo. Twamjua zaidi ya mmoja katika mkutano huu.

Kwa hiyo Halmashauri imeamua, na yaomba mkubali kwa kura leo, kwamba kila tawi liweke daftari. Mwanachama ataandikwa humo majina yake yote kwa jinsi yalivyopata kuandikwa popote, nambari ya kitambulisho, na majina ya benki, vyama, bima na kampuni alizo na mali ndani yake. Kiasi cha fedha hakitaandikwa, wala nambari za siri; hayo si ya Chama. Ukurasa wake utafungwa katika bahasha, nayo itafunguliwa mbele ya mke au mume na wazee wawili siku atakapofariki. Asiyetaka kuandikwa hatalazimishwa, bali twamwomba aandike karatasi yake mwenyewe na kumwonyesha mwenzake ilipo.

Katika mapumziko, vijana wawili wa tawi la Runyenjes na mmoja wa Maua watakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango. Watamsaidia kila mzee kutafuta jina lake kwa simu, bila malipo. Njoni na vitambulisho, na kama mnaye marehemu wa kumtafutia, njoni na majina yake yote, hata yale ya utani.