Injini Inayochechemea: Iulize Kabla ya Kununua

 

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja wa magari ya zamani, yale yenye kabureta. Gari limesimama, injini inanguruma, lakini mngurumo wake si sawasawa. Inatikisika, inakohoa, inataka kuzima. Ukiliendesha, gari linakwenda kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mafundi wetu husema injini inamisi. Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi haiwaki kwa wakati wake.

Nitaanza kwa kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Mimi si fundi. Ni bwana elimu tu, mwenye Land Rover kuukuu. Jioni moja nilitoka Bagamoyo mjini kwenda kufundisha darasa la watu wazima Kerege. Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa nikilisikia gari likikohoa kila asubuhi. Nilikwisha kununua plagi mpya nne, na baada ya hizo koili mpya, yote kwa kubahatisha. Karibu na Zinga gari likaanza kuchechemea vibaya, likawa linazima kila nilipopunguza mwendo. Nilipofika Kerege giza limeingia, na wanafunzi wamekwenda zao. Alibaki mama mmoja mzee, daftari lake mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, tumekungoja mpaka magharibi." Niliona haya.

Kesho yake nilimwendea fundi mmoja mzee. Hakugusa spana. Aliniuliza, "Silinda gani imelala?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi, bwana, hii koili ulimnunulia nani?"

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Injini nayo huulizwa, na hujibu. Nitawaeleza maswali yenyewe, moja baada ya jingine.

Kwanza, usalama. Simamisha gari nje penye hewa, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu. Ncha za kanga, shuka na mikono ya kanzu ziwe mbali na feni. Pasiwe na sigara wala moto karibu. Umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti, kwa hiyo usishike nyaya zake wakati injini inanguruma.

Swali la kwanza: Silinda gani imelala?

Zima injini. Vua waya wa plagi ya kwanza, uuchomeke kwenye plagi ya akiba. Ifunge plagi hiyo kwa kipande cha waya mtupu ili mwili wake ugusane na chuma cha injini, mbali na kabureta. Hivyo umeme utapata njia yake ya kurudi. Sasa washa injini, usikilize. Kama mtikisiko umezidi, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi yake, umeinyima tu. Lakini kama hakuna kilichobadilika, huyo ndiye mgonjwa wako. Zima, rudisha waya, fanya vivyo hivyo kwa ya pili, ya tatu na ya nne.

Vua waya mmoja tu kwa wakati mmoja, uutie alama ya uzi. Katika injini nyingi za silinda nne zilizo katika mstari mmoja, silinda huwaka kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Ukizichanganya nyaya, utaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Swali la pili: Je, ugonjwa unahama?

Chukua plagi ya silinda mgonjwa, ubadilishane na ya silinda jirani. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, plagi ndiyo yenye kosa. Usipohama, badilishana nyaya, kila moja ikitoka kwenye tundu lake la distributa. Ukihama sasa, kosa ni la waya. Usipohama bado, fungua kifuniko cha distributa. Tafuta ufa mwembamba kama unywele, unyevu, au kutu ya kijani.

Hapa kwetu pwani kutu hii ni adui mkubwa. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Basi umeme huo, badala ya kufika kwenye plagi, hupotea njiani. Usiku wenye giza, fungua boneti injini ikinguruma, usiguse kitu, utazame kwa mbali. Ukiona vicheche vya buluu vikirukaruka juu ya nyaya, umemkamata mwizi.

Gari langu lilikuwa na ugonjwa huo. Ncha ya waya wa silinda ya tatu ilikuwa imeliwa na chumvi, imegeuka kijani. Fundi aliisafisha kwa kipande cha msasa, akaifuta, akairudisha. Injini ikatulia. Plagi nne na koili havikuwa na kazi.

Plagi nayo husema kwa rangi yake. Ikiwa ya kahawia hafifu, ni njema. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, mara nyingi petroli imezidi. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, oili inapenya ndani ya silinda. Ikiwa nyeupe, moto ni mkali mno au petroli ni haba.

Swali la tatu: Je, silinda zote zinalalamika?

Hapo usitafute mgonjwa mmoja. Tazama pointi za distributa, kama zimeungua. Tazama petroli: iweke kidogo katika chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini. Kisha tazama hewa. Kama injini inatikisika gari likisimama lakini inatulia mwendo ukizidi, pengine hewa inaingia mahali pasipo pake, chini ya kabureta au katika mpira uliopasuka. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, mbali na nyaya za umeme. Mngurumo ukibadilika, umepaona. Usitumie petroli kwa jaribio hili; utaunguza gari na mwili wako.

Swali la nne: Plagi inatoa cheche, petroli ipo, mbona silinda bado imelala?

Huenda haikazi pumzi: valvu imeungua, au ringi zimekwisha. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda vikalio vya valvu katika injini nyingi za zamani, na bila yake vikalio laini huweza kulika. Hii ni kazi ya fundi. Lakini utamwendea ukijua ni silinda gani, wala hutamwambia abahatishe kwa fedha zako.

Usiseme, "Linakwenda hivyo hivyo." Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda hutakiwa kuwaka mara 400. Moja ikilala, petroli yake huingia bila kuungua, huosha oili katika kuta za silinda, na nyingine hutoka na moshi. Unalipa bila kusafiri.

Onyo la mwisho: magari mapya yenye kompyuta hayajaribiwi kwa kuvua nyaya, maana unaweza kuharibu vyombo vyake. Hayo hupimwa kwa mashine ya fundi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwalimu alipoteza fedha zake?
2. Umevua waya wa silinda ya pili na mngurumo haukubadilika. Umejua nini?
3. Chumvi ya bahari inapotezaje umeme wa plagi?
4. Injini ina silinda nne na inazunguka mara 600 kwa dakika. Silinda zote pamoja zinatakiwa kuwaka mara ngapi kwa dakika?