Funguo Tatu Zilizokwenda Mombasa

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka 10

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, viongozi wetu wa dini, wageni wetu waliovuka mpaka kutoka Mombasa, waume zetu mliovumilia mikutano yetu ya kila Jumatano, na ninyi wanachama wenzangu.

Mwaka 2014 tulianza wanawake 15 chini ya mwembe, hisa moja sh. 1,000. Leo mwaka 2024 tuko 32, na hisa ni sh. 5,000. Hesabu zote Katibu na Mweka Hazina wamezipanga humu kijitabuni, mwenye kuzitaka atazikuta. Mimi ni mtu wa darasa la saba, hesabu ndefu nawaachia wenyewe. Kamati imeniambia, "Mwenyekiti, wewe tusimulie safari ya Mombasa." Naona mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini leo nitaisimulia mpaka mwisho, maana kila mwaka huwa tunaikatiza pale kwenye feri.

Ilikuwa Oktoba 2018. Mwenzetu mmoja ni Mdigo, na kama mjuavyo Wadigo wako huku Tanga na wako kule Kwale, mpaka umewapita katikati. Mdogo wake ameolewa Mombasa, naye ana kikundi chake, wao huita chama. Akatualika twende tukaone wenzetu wanavyoweka na kukopeshana. Tukakubaliana anayetaka kwenda aweke sh. 2,000 kila wiki pembeni, mbali na hisa zake. Baada ya wiki 40, kati ya wanachama 25 wa wakati ule, 14 tulikuwa tumetimiza. Wale 11 hawakuweza. Naomba mkumbuke idadi hiyo.

Tulipanga kuondoka Ijumaa saa 11 alfajiri. Tukaondoka saa 3. Mmoja alisahau hati yake ya safari juu ya kabati, tukarudi. Mwingine alisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tukarudi tena. Wenzetu wa Kenya na Uganda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tu, lakini sisi Watanzania tunatakiwa pasipoti au hati ya dharura, na tulikuwa tumehangaikia hati zile mwezi mzima. Sasa mtu anaiacha kabatini! Sitamtaja jina, mwenyewe yupo hapa anajifunika kanga usoni.

Tukafika Horohoro tunaimba. Pale nyimbo zikakatika. Mwenye Kosta alituapia kwamba karatasi zake zote ziko sawa. Kumbe zilikuwa sawa kwa Tanga na Muheza. Bima ya kuvukia mpaka hana, kibali hana. Dereva akasema, "Mama zangu, mimi mwisho wangu ni hapa." Tukashuka na mizigo yetu, tukavuka kwa miguu.

Na mizigo yenyewe jamani! Mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Tulibeba machungwa ya Muheza, visheti, na nguo za kubadili, vyote ndani ya mifuko ya rambo. Kenya walikuwa wamepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, sisi habari hizo hatuna. Askari mmoja wa kike, mpole kabisa, akatuambia, "Akina mama, nyinyi karibuni, lakini hiyo mifuko haivuki." Tukaimwaga yote pale pale. Machungwa yakabiringika barabarani, watoto wa mpakani wakatusaidia kuokota, na mengine wakajisaidia wenyewe. Kila mmoja akavua kanga ya juu akafunga furushi. Tukaingia nchi ya watu kama tuliohamishwa na mafuriko. Hata hivyo ilipofika tarehe 1 Juni 2019, Tanzania nayo ilipopiga marufuku mifuko ile, nani alihangaika? Sisi vikapu tulishanunua.

Toka Lunga Lunga tukapanda matatu mpaka Likoni, mwendo wa kama kilomita 100. Tulifika jua linazama, na watu pale kwenye kivuko ni kama siafu. Tukashikana mikono kama watoto wa shule. Feri ikafungua, umati ukasukuma, mikono ikaachana. Tulipojihesabu ng'ambo ya pili tuko 13. Bibi yetu, mkubwa wetu kwa umri, hayupo.

Simu zetu zilikuwa za Tanga, kule hazishiki. Mweka Hazina akaanza kulia. Tukakaa pale saa nzima tunatazama kila feri inayokuja. Kumbe Bibi alivuka na feri ya mbele yetu, alipofika hatuoni, akadhani tumebaki nyuma, akarudi Likoni kututafuta. Hatuoni, akavuka tena. Kwa waendao kwa miguu feri ile hailipiwi, basi alivuka mara tatu! Tukamwona anashuka taratibu na furushi lake kichwani. Akatuambia, "Nyinyi watoto mnapotea potea, hebu shikeni akili zenu."

Mdogo wake mwenzetu alitupokea vizuri sana, wageni 14 ndani ya vyumba viwili, tumelala kwenye mikeka tumepangana kama samaki sokoni. Asubuhi akasema, "Leo nitawapeleka Biashara Street mukanunue leso." Mwenzetu mmoja wa kutoka Lushoto akaninong'oneza, "Mwenyekiti, tumehangaika njia yote hii kuja kununua kitambaa cha kufutia jasho?" Sisi wa pwani tukacheka mpaka tukashika ukuta. Mombasa leso ndiyo kanga. Tulipofika dukani yeye ndiye aliyeongoza. Akasikia "mia sita", akachagua jozi kumi, anasema mali ya bure hii. Shilingi moja ya Kenya siku zile ilikuwa kama 22 za kwetu. Alipofanyiwa hesabu kwamba jozi moja ni kama sh. 13,000, alizirudisha moja moja mpaka ikabaki moja.

Mchana tulikaa na wenzetu wa chama. Tulijifunza mengi, hasa namna wanavyogawa mikopo siku ile ile ya mkutano, fedha zisilale bila kazi. Tukawaeleza na sisi juu ya sanduku letu na kufuli zake tatu, na funguo tatu kwa watu watatu ambao si viongozi, ili asiweze mtu mmoja kulifungua peke yake. Wakapenda sana. Mama mmoja wa pale akauliza, "Na sasa muko huku, funguo ziko na nani?" Washika funguo wetu wakainuka wote watatu, kila mmoja akatoa ufunguo kifuani, tukapigiwa makofi.

Ndugu zangu, makofi yale nayasikia mpaka leo.

Kabla ya safari, katika mkutano wa mwisho, mwanachama mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwenyekiti, washika funguo wote wanakwenda, sisi tukipata shida?" Mimi nilikuwa na haraka ya kujadili sare. Nikamjibu, "Siku mbili tatu tu, nani atakufa?" Watu wakacheka, tukaendelea na ajenda.

Jumamosi ile usiku, sisi tukiwa Mombasa tunapimana leso, mtoto wa mwanachama yule yule aliyeuliza alipandwa na homa, akashikwa na degedege. Ilitakiwa gari la kumpeleka hospitali usiku huo na fedha ya dawa. Katiba yetu inasema mwenye dharura hupewa mpaka sh. 50,000 kutoka mfuko wa jamii, siku hiyo hiyo, bila riba. Alikuwa amechangia mfuko ule kila wiki tangu mwaka 2014, hajawahi kuchukua hata senti. Akaenda na mtoto mgongoni kwa mama anayetunza sanduku. Sanduku lipo, fedha zimo, kufuli tatu zinaning'inia, funguo ziko Mombasa zinapigiwa makofi.

Walipiga simu, hatupatikani. Wengine wakasema kufuli zivunjwe. Mtunza sanduku akakataa, akasema katiba hairuhusu kufunguliwa nje ya utaratibu, na likivunjwa leo kwa haki kesho litavunjwa kwa wizi. Watu walimtukana usiku ule, lakini alifanya kazi tuliyomkabidhi. Kosa halikuwa lake. Aliyeokoa ni mwenzetu muuza samaki. Alitoa sh. 30,000 za mtaji wake wa kesho yake asubuhi, wengine wakakusanya sarafu za vitumbua na za mkaa, wakapata gari. Mtoto akafika, akatundikiwa dripu, Mungu akamnusuru. Muuza samaki alikaa siku mbili hana mzigo wa kuuza.

Sisi Jumapili tukarudi tunaimba. Tulipovuka tu Horohoro, simu zikashika mtandao, zikaanza kulia zote kwa pamoja ndani ya gari. Yangu ilikuwa na ujumbe 11. Niliusoma wa kwanza kwa sauti nikidhani ni salamu. Kutoka pale mpaka Tanga mjini, zaidi ya kilomita 60, hakuna aliyesema neno.

Siku ya pili nikaenda kwake. Sikupewa kiti. Aliingia ndani akatoka na kitabu chake cha hisa, akakiweka juu ya kizingiti, akaniambia, "Mwenyekiti, uliuliza nani atakufa. Haya, hajafa. Nipeni changu." Tukampa haki yake yote, akaondoka katika kikundi.

Niliwahi kuwaambia watu kwamba alikasirika kwa sababu hakwenda Mombasa. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa naona haya. Leo mbele ya Mgeni Rasmi nasema si kweli. Aliondoka kwa sababu alituuliza jambo la maana na mimi nikamfanyia mzaha.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Labda kwenye karamu ni sawa. Katika kikundi cha akiba neno hilo ni sumu. Wale 11 hawakubaki kwa uvivu. Walibaki kwa sababu sh. 2,000 za ziada kila wiki hawakuwa nazo. Yaani waliobaki nyumbani ndio walikuwa na dhiki kutuzidi, na ndio walikuwa na haja ya sanduku kutuzidi, na sisi wenye nafuu tukaondoka na funguo. Hatukuiba hata shilingi moja. Lakini kwa mama mwenye mtoto mgongoni saa 7 usiku, fedha iliyoibwa na fedha isiyofunguka zina tofauti gani?

Nilikwenda kumwomba radhi mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu alinipa kiti. Mwaka 2020 alirudi akaanza upya kwa hisa moja. Tukataka kumpa heshima ya kushika ufunguo mmoja. Akakataa mbele ya mkutano. Alisema, "Ufunguo sitaki. Nataka sheria."

Basi tukaandika sheria. Wakati ule vikundi kama chetu vilikuwa vinatakiwa kujisajili, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, nasi ilibidi tuandike katiba upya. Tukaongeza mambo matatu. Kwanza, washika funguo wasisafiri wote kwa wakati mmoja, na anayesafiri amkabidhi ufunguo msaidizi wake mbele ya mashahidi wawili. Pili, sehemu ya mfuko wa jamii itolewe sandukuni, ikae kwa mwanachama wa mtaani aliyechaguliwa, na daftari lake likaguliwe kila Jumatano. Tatu, swali la mwanachama lisipite bila kujibiwa na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano, hata kama Mwenyekiti ana haraka ya sare.

Tangu hapo tumesafiri mara nyingine, na misiba imetupata na maradhi yametupata. Hakuna mwanachama aliyekuja usiku akaambiwa funguo hazipo.

Wanachama wenzangu, katika miaka mingine 10 ijayo Mungu akitujalia, nawaomba kitu kimoja. Mnapopanga jambo lolote zuri, iwe safari, iwe sare, iwe mradi wa mashine, kabla hamjapiga makofi ulizeni nani anabaki nyumbani, na amebaki na nini mkononi. Muuza samaki wetu, simama watu wakuone. Mtunza sanduku wetu, simama nawe. Na wewe mwenzangu uliyeniwekea kitabu kizingitini, najua hupendi kusimamishwa, kaa tu hapo ulipo. Mwanao namwona kule nyuma na sare ya shule, anakula pilau. Mimi hiyo inanitosha.

Na wageni wetu wa Mombasa, mkirudi mtusalimie wote. Mwakani tunakuja tena. Tumeshanunua vikapu, na Bibi tutamfunga kamba.