Tujifunze Kuelea Kabla ya Kuogelea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache, nami nimechagua kusema juu ya maji. Huenda wengine watashangaa. Sisi wa Tarime na Serengeti ni watu wa mashamba na ng'ombe. Mambo ya kuogelea tumezoea kuwaachia wavuvi. Lakini maji hayaulizi mtu katoka wapi. Mto Mara unapita kwetu, na Grumeti pia. Mugumu wana Bwawa la Manchira. Malambo ya kunyweshea ng'ombe yamo vijijini mwetu. Na ye yote aendaye Ukerewe au Ukara hupanda chombo.

Tarehe 21 Mei 1996, nikiwa kidato cha pili, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, karibu kabisa na gati, wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi kwamba kila mmoja angepona kama angejua kuogelea. Chombo kikipinduka, hata hodari huweza kunaswa ndani. Lakini anayejua kuelea ana nafasi ambayo mwingine hana.

Wenzangu wa miaka ile mnakumbuka Jumapili tuliyowapoteza wenzetu wawili lamboni. Wa kwanza aliteleza. Wa pili hakujua kuogelea, lakini alimpenda rafiki yake, akamrukia. Mfa maji haachi kutapatapa, na hukamata lo lote lililo karibu. Kando ya lambo lile palikuwa na fimbo za wachungaji na madumu matupu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa hiyo, wadogo zangu, anayetaka kujifunza asianzie Mto Mara wala Grumeti. Huko kuna mamba na viboko. Ziwani, kwenye majani ya ukingoni, kuna kichocho. Tafuteni bwawa la kuogelea lenye mwalimu, maji yasizidi kiuno. Kwanza zamisha uso na utoe pumzi ndani ya maji, tena na tena, mpaka hofu ipungue. Kisha lala chali, masikio yawe majini, kifua kijae hewa, tumbo liwe juu. Anayenyanyua kichwa huzamisha miguu yake mwenyewe. Ukisha kujua kuelea, ndipo upige miguu, halafu mikono. Ukichoka, geuka chali, pumzika, ita msaada.

Usiingie majini peke yako. Usijirushe kichwa mbele mahali usipojua kina. Mto uliofurika usiuvuke kwa miguu, kwani maji ya magotini yaendayo kasi huweza kumwangusha mtu mzima. Chomboni, vaa jaketi la kuokolea tangu gatini, usingoje mawimbi.

Ukimwona mtu anazama, usimrukie. Piga kelele, lala kifudifudi ukingoni, mnyoshee fimbo. Akiwa mbali, mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mpulizieni pumzi mdomoni na kumsukuma kifua, huku mwingine akikimbilia zahanati.

Wenzangu, Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka iwe siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Napendekeza nasi tuwe na kazi yetu. Tuchange nauli na ada ili kila mwaka kundi la vijana wa shule hii lipelekwe kwenye bwawa lenye mwalimu. Na kabla ya hapo, jambo lisilohitaji fedha nyingi: kila lambo lililo jirani na shule litundikiwe mtini kamba ndefu na dumu tupu, na wanafunzi wawe walinzi wake.